Eabrashi ya kuchora nyuso na vitu vidogo: usinunue namba, angalia sindano na sili

Swali hili naletewa sana na vijana wanaoingia kazi ya kuchora matatu, tuktuk na helmeti hapa Mombasa, na linakuja vilevile kila mara, fundi, eabrashi, yaani ile kalamu ndogo ya kupulizia rangi kwa hewa, nichukue ya 0.2 au ya 0.3? Jibu langu la haraka ni hili, kama unapiga rangi ya gari, yaani beskoti (ile rangi yenyewe inayopigwa kabla ya klia) na thina ya kuilegeza, chukua Harder & Steenbeck Evolution ile ya Two in One, na kama mfuko unaruhusu zaidi chukua Iwata HP-CH. Lakini hivi vyombo si vya bei ya kutupa na hela ni ya jasho lako, kwa hivyo wacha nieleze nimefikaje hapo, na ukiona kazi yako ni tofauti na yangu utajua ubadilishe wapi.

Kazi yangu mimi ni nyuso. Ubavu wa gari mtu anataka mchezaji wake wa mpira, anataka msanii, mwingine anataka mamake mzazi aliyetangulia mbele ya haki, na huyo wa mwisho ndio kazi ngumu kuliko zote maana familia nzima itakuja kuangalia kama umempata. Wakubwa wanakumbuka zile sheria za matatu za waziri Michuki za 2004, mstari wa njano ukaingia na michoro ikapotea barabarani kwa miaka, sasa imerudi na wateja wamerudi wakiwa wakali zaidi, siku hizi mtu anatoa simu anakuza picha mpaka anakuonyesha kope moja moja. Jicho kwenye helmeti ni dogo kuliko ukucha wa kidole gumba, na ndani yake kuna mboni, kuna ule mng'aro mweupe, kuna kivuli chini ya kope. Hapo bunduki kubwa ya rangi haikusaidii, na stensili inakufikisha nusu ya njia tu.

Sasa ile namba. 0.2, 0.3, 0.5 ni upana wa tundu la nozeli, ule mdomo wa mbele rangi inapotokea, kwa milimita, basi, haina siri nyingine. Watu wanaona tundu dogo wanasema mstari utakuwa mwembamba, na hiyo ni kweli nusu. Mstari unatoka mwembamba kwa sababu sindano imekaa katikati ya tundu sawasawa, ncha yake haina mkunjo, triga, yaani kile kitufe cha kidole, inavutika laini bila kukwama, na rangi ni nyepesi kwenye presha ya chini huku mkono uko karibu na kazi. Hivyo vinne vikikosekana hata ukipewa tundu la 0.15 utachora mende. Vikiwepo, Iwata Eclipse HP-CS ambayo ni 0.35 inakuchorea unywele wa nyusi bila shida yoyote, na rangi inapita bila kuziba, ndio maana hiyo Eclipse mimi naiheshimu sana ingawa kwenye karatasi inaonekana ina tundu kubwa.

Na tundu dogo lina gharama yake. Ukishuka 0.2 kwenda chini, rangi lazima iwe imechujwa na imelegezwa kama maji, metaliki na pali zinaanza kusumbua kwa sababu zile chembe zake zinazomeremeta zinakwama mlangoni, rangi ya maji nayo inakauka kwenye ncha ya sindano katikati ya mstari, unasimama unafuta, unaendelea, unasimama tena. Kwa joto letu la Januari na Februari hiyo kukauka kwenye ncha ni adhabu. Anayechora kwenye studio yenye AC kwa wino mwepesi hawezi kuelewa tunachozungumza hapa.

Tukija kwa zile seti za Kichina zisizo na jina, zinazokuja kwenye boksi na nozeli tatu, 0.2, 0.3 na 0.5, na bei yake inavutia. Sisemi ni takataka zote, kuna ambazo zinachora, na mwanafunzi anayejifunza kuvuta mistari kwa rangi ya maji anaweza kuanza nazo bila wasiwasi. Shida inaanza ukimimina thina. Ndani ya eabrashi kuna vile vioringi, yaani sili, vipete vidogo vya kuzuia rangi isirudi nyuma kwenye triga na hewa isivuje kichwani, sasa vikiwa vya mpira wa kawaida thina ya gari inavivimbisha, sindano inakuwa ngumu kusogea, triga inavutika kwa vipande vipande, na mstari wako unatoka hivyohivyo vipande vipande. Niliyokuwa nayo mimi ya aina hiyo ilifika mahali sindano nilikuwa naivuta kwa koleo. Ukitaka kujua yako ni ya mpira gani kabla hujaiharibu, chukua ile oringi ya spea iliyokuja kwenye boksi, itumbukize kwenye kifuniko chenye thina, iache ilale humo, asubuhi iweke kando ya mwenzake ambayo haikuloweshwa. Ikiwa imenenepa au imelegea ikawa inavutika kama ubani basi hiyo eabrashi ni ya rangi ya maji, usiibebeshe kazi ya gereji. Unachotaka wewe ni sili za PTFE, hiyo ndiyo ileile teflon ya sufuria, thina haiigusi.

Hapo ndipo Harder & Steenbeck wanaponivutia. Ni Wajerumani, kiwanda kiko Norderstedt jirani na Hamburg, na vyombo vyao vinavumilia thina. Ile Evolution Silverline ya Two in One inakuja na sindano na nozeli ya 0.2 pamoja na ya 0.4, na vikombe viwili, kidogo cha mililita 2 na kikubwa cha mililita 5, kwa hivyo asubuhi unafanya vivuli vya shavu na nywele kwa 0.4, jioni unabadilisha unaingia machoni kwa 0.2, chombo ni kilekile mkononi na mkono hauhitaji kuzoea upya. Kizuri zaidi, nozeli haina thredi. Inakaa tu kwenye nafasi yake na kichwa kinaibana ukikifunga kwa vidole, hakuna rench. Anayefanya kazi gereji, mikono ina mafuta, taa hafifu, anajua hiyo maana yake nini, nozeli ndogo nyingi duniani hazifi kwa kuchoka, zinakufa kwa kukazwa kupita kiasi zikapasuka shingo.

Kaka yake mkubwa ni Infinity, na hiyo mkiani ina kidhibiti chenye namba, unapanga sindano isirudi nyuma zaidi ya pale ulipotaka, ukichora kope ishirini zote zinatoka unene mmoja, na ukitaka kusafisha unabonyeza mkia sindano inafunguka yote halafu inarudi palepale ulipoipanga. Ni kitu kidogo ila ukiwa na kazi ya manyoya au maandishi madogo utakipenda. Kuna na nozeli ya 0.15 kwa anayetaka kwenda huko chini. Mimi kwa rangi za gari sioni haja ya 0.15, 0.2 inatosha na kubaki. Angalizo moja, Wajerumani hawa wana matoleo mapya na ya zamani yanayofanana kwa mbali, ukiagiza spea hakikisha ni ya toleo lako, usiangalie picha tu.

Iwata ni habari nyingine. Hawa ni Wajapani na ukishika HP-CH mkononi unaona tofauti kwenye triga, inashuka na kurudi bila sauti, bila kutetereka kushoto wala kulia. Tundu ni 0.3. Chini ya kichwa kuna kijiti cha kuzungusha kinaitwa MAC valvu, kinapunguza hewa palepale mbele ya mkono wako bila kutembea mpaka kwa kompresa, ile mashine ya hewa, na hicho kijiti kimeniokolea muda mwingi kuliko kitu kingine chochote kwenye eabrashi. Fikiria uko juu ya ngazi unachora paji la uso la mtu ubavuni mwa gari, kompresa iko nyuma ya gereji, unataka kushusha presha kidogo kwa ajili ya vinyweleo, unazungusha kwa kidole unaendelea. Ukikifunga karibu chote rangi inaanza kutoka kwa madoadoa, na hayo ndiyo unayatumia kwa ngozi, maana ngozi ya mtu si laini kama karatasi, ina vitundu, ina rangi juu ya rangi, na sisi watu weusi ngozi yetu ina nyekundu na zambarau na hata buluu ndani yake, ukipaka kahawia moja sura inakufa.

Ubaya wa HP-CH ni nozeli yake ni kidude chenye thredi kidogo kuliko punje ya mchele na kinafungwa kwa rench yake maalum, ikigusa tu ikakataa kuzunguka unaacha, hukazi. Tena bei yake iko juu ya Evolution. Ndio maana kwa kijana anayeanza sianzi naye hapo.

Halafu kuna Custom Micron, CM-B ya 0.18 na CM-C Plus ya 0.23, hizo ndizo watu wanaziota na ni kweli ni vyombo vya ajabu. Ukungu wake ni laini sana, mstari unaanza bila hata kujua umeanza. Lakini huko Marekani inapita dola mia nne, hujaweka usafiri wala ushuru, na spea za kichwa chake nazo zina bei ya kutisha. Kwa mchoraji wa karatasi na turubai anayetumia wino mwepesi, au anayefanya picha ndogondogo kwenye simu na gitaa, nasema nunua kama unaweza, haina mpinzani. Kwa ubavu wa matatu, mahali vumbi la msasa linapepea kutoka gari la jirani, hapana, utakuwa unaiogopa badala ya kuitumia. Eabrashi unayoiogopa haichori vizuri.

Sasa ukiwa dukani au mzigo umefika, kuna vitu vya kukagua kabla hujalipa au kabla hujafuta ujumbe wa muuzaji. Toa sindano kwa kuvuta nyuma, taratibu, usiipindishe. Iweke ncha yake juu ya ukucha wako iburute kama unapiga mstari huku unaizungusha, ikiwa imejikunja hata kidogo utaisikia inakwaruza upande mmoja. Halafu fungua kamera ya simu, ikuze mpaka mwisho, weka sindano juu ya karatasi nyeupe mbele ya dirisha, ncha inatakiwa iwe imechongoka moja kwa moja na imeng'aa, isiwe na mistari ya tupa kama kisu cha kienyeji. Nozeli nayo itazame kwa mbele, tundu liwe duara kamili. Tundu lililopasuka linapeleka rangi upande, utahangaika kurekebisha rangi na presha wiki nzima kumbe ni ufa usioonekana kwa macho.

Rudisha kila kitu, tia maji kidogo kikombeni, bonyeza hewa peke yake bila kuvuta. Maji yakianza kuchemka mapovu ndani ya kikombe, hewa inapenya inaingia kwenye njia ya rangi, ama nozeli haijakaa ama sili ya kichwa ni mbovu. Kwenye zile zenye thredi mafundi wengi wanapaka nta ya nyuki kidogo sana kwenye thredi ya kichwa na mapovu yanakwisha, hiyo si aibu, inafanywa duniani kote. Lakini kitu kipya kabisa kikitoa mapovu mimi narudisha.

Baada ya hapo ni triga. Hakikisha ni dabo aksheni, kubonyeza chini ni hewa, kuvuta nyuma ni rangi, kwa kazi ndogo hakuna mjadala hapo, zile za kubonyeza tu rangi inatoka kiasi kimoja waachie wanaopaka keki na tisheti za haraka. Na kikombe kiwe juu, si chupa ya kuning'inia chini, kwa sababu rangi ikishuka yenyewe unaweza kutumia presha ndogo na rangi matone machache. Kaa nayo uvute ile mistari inayoanza minene ikaisha kama mkia wa panya, mingi, ukurasa mzima. Hewa inaanza kabla ya rangi, na kumaliza unafunga rangi kwanza hewa mwisho, ukigeuza hiyo mpangilio kila mstari utaanza na tone. Triga nzuri inakuruhusu kuhisi ile milimita ya kwanza ya kuvuta, yaani kati ya hakuna kitu na ukungu mdogo, na kazi yote ya uso inafanyika ndani ya milimita hiyo. Sindano yenye ncha ndefu inakupa nafasi zaidi hapo, yenye ncha fupi inafungua mlango ghafla.

Rangi na presha siwezi kuacha maana nimeona watu wanalaumu chombo bure. Kwa beskoti iliyolegezwa vizuri mimi nakaa psi (kipimo cha presha ya hewa) 12 mpaka 18 kwa vitu vidogo, na kadiri ninavyosogea karibu ndivyo ninavyoshusha presha na kuongeza thina. Ukiwa karibu sana na presha iko juu rangi inapigwa na hewa inakimbia pembeni kwa miguu miguu ya buibui, unajua hiyo, kila mtu anaijua. Ukishusha presha bila kulegeza rangi inatoka kwa chembe. Vitatu hivyo, umbali, presha na wepesi, ukigusa kimoja gusa na vingine. Wengine wanatoa kofia ya mbele kabisa ili waone ncha na hewa isirudi usoni, mimi pia nafanya hivyo kwa macho na meno, ila hapo sindano iko uchi, ikigusa bodi imekwenda.

Kompresa usiniambie ile ndogo isiyo na tangi. Inasukuma hewa kwa mapigo na kwenye mstari mwembamba utayaona mapigo hayo yamechorwa. Ile aina ya AS-186 yenye tangi la lita 3 inapatikana na inatosha kwa eabrashi moja, haina kelele sana, jirani hatakuchukia. Kama una kompresa kubwa ya gereji itumie, weka tu regulata ndogo ya pili ya kurekebisha presha karibu na unapokaa, maana ile geji ya kwenye tangi haijui psi 12 ni nini. Na sisi wa pwani jamani, maji. Hewa yetu ina unyevu, kompresa inaibana, inapoa kwenye mpira wa hewa, inageuka matone, na tone moja la maji likiruka kwenye shavu la marehemu mama ya mtu uliyemchora siku mbili, wee. Weka kichujio cha maji kwenye kompresa na kingine kidogo chini ya eabrashi yenyewe, hivyo vidogo ni bei rahisi, na mwisho wa siku fungua koki ya chini ya tangi utoe maji yote, usilaze.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina, vaa yenye filta za kaboni zinazobana usoni. Ile klia ya 2K, ile ya kung'arisha ya juu inayochanganywa na hadena ya kuigandisha, ina kemikali ya isosaineti, hiyo inaharibu mapafu na inaweza kukuletea pumu ya maisha, hata filta peke yake haitoshi kama unapiga gari zima ndani ya chumba kisicho na hewa safi ya kutoka nje.

Kuagiza. Feki za Iwata zipo nyingi mtandaoni, boksi zuri kabisa, jina limechongwa vizuri, bei nusu, na ndani ni zilezile oringi za mpira tulizozisema. Bei ikiwa nusu ya kila mahali usijidanganye umeokota. Pamoja na eabrashi agiza sindano moja ya ziada na nozeli moja ya ziada, za saizi unayotumia zaidi, kwa sababu hapa kwetu ukivunja nozeli Ijumaa na gari linatakiwa Jumatatu hakuna duka utakalokimbilia, na kusubiri mzigo ni wiki kadhaa mteja anakupigia simu. Na uangalie thredi ya mpira wa hewa, Iwata na Harder & Steenbeck wanatumia ya 1/8 ambayo mipira mingi sokoni inaingia, lakini Badger ana thredi yake na Paasche ana yake, hazikubali kufungana bila adapta. Zote hizo mbili ni kampuni za Kimarekani zenye vyombo vizuri tu, Badger Krome ya 0.21 nimeishika na inachora vizuri sana, ila adapta ile iagize kwenye oda ileile, inagharimu kidogo na kuipata Mombasa ni kuzunguka mji mzima.